Mbwa Anayemsindikiza Mtoto Wako: Tumtunze Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Juni hapa Mpanda jua huchelewa kutoka. Saa 12 na nusu asubuhi, wenzetu wa Dar es Salaam wakiwa wamekwisha kuona mwanga, sisi bado tuko gizani. Karibu saa 1 ndipo jua linapogusa vilele vya miti ya miyombo. Lakini kazi haingoji jua. Mama anachochea moto, watoto wanajifunga kanga mabegani, mmoja anachukua kamba ya kuni, mwingine ndoo, na nyuma yao, bila kuitwa na mtu, anafuata mbwa.

Mbwa wetu tulimwita Jasiri. Alikuwa wa kienyeji, mwenye rangi ya udongo na manyoya mafupi. Aliwasindikiza watoto wangu kutafuta kuni, kwenda shambani na kwenda kisimani. Nami nilijiona nimepata askari asiyedai mshahara. Chakula chake kilikuwa ukoko wa ugali, na kitanda chake kilikuwa jivu la jikoni likishapoa. Sikuwaza kwamba uzembe wangu kwa mnyama yule ungekuja kumgusa mwanangu mwenyewe. Habari hiyo nitaisimulia mbele kidogo.

Katika nchi za theluji watu huwavalisha mbwa wao masweta na hata viatu vidogo wanapotoka nao. Huko barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huchoma nyayo za mbwa. Sisi tunaweza kucheka tukisikia hivyo. Lakini, akina mama wenzangu, kipupwe chetu nacho kina hatari zake: baridi ya alfajiri, majivu yenye moto chini yake, mbung'o, wanyama wa porini na, kubwa kuliko zote, kichaa cha mbwa. Hatari hizo zipo katika njia ile ile anayopita mtoto. Ukimlinda mbwa, umemlinda na mtoto anayetembea naye.

BARIDI YA ALFAJIRI

Joto la mwili wa mbwa mwenye afya ni kama nyuzi 38 hadi 39, yaani ni kubwa kidogo kuliko letu. Ili kulitunza joto hilo anahitaji chakula na mahali pakavu pa kulala. Mbwa wetu wengi wana manyoya mafupi na hawana mafuta mwilini. Akilala usiku kucha juu ya ardhi yenye baridi, chakula chote ulichompa huishia katika kupigana na baridi, na asubuhi hana nguvu za safari. Mbwa aliyezidiwa na baridi hujikunyata, hutetemeka, na hukawia kuinuka hata akiitwa.

Kibanda chake hakihitaji fedha. Panga matofali au magogo ili sakafu iinuke kutoka ardhini, kisha tandika mbao au fito. Simamisha kuta tatu na uezeke kwa nyasi. Wakati wa kiangazi upepo wetu aghalabu hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mlango uelekee magharibi. Kibanda kisiwe kikubwa mno. Kiwe cha kumtosha kugeuka na kujikunja, ili joto la mwili wake lijaze nafasi. Tandika nyasi kavu na gunia, na kila wiki anika gunia hilo juani, maana kupe na viroboto hupenda malazi yasiyoguswa. Usiweke jiko la mkaa ndani ya kibanda wala karibu nacho, kwani hewa ya mkaa huua na nyasi huwaka upesi.

Watoto wa mbwa wanahitaji uangalifu zaidi. Katika wiki zao za kwanza hawawezi kujitunzia joto wenyewe, ndiyo maana utawaona wamelaliana kama viazi katika kikapu. Usiwatenge na mama yao katika miezi ya Juni na Julai wakiwa bado wananyonya. Na kama unapenda kumwogesha mbwa, mwogeshe mchana jua likiwa kali, kisha mfute kwa kitambaa. Usimwogeshe jioni.

Kuhusu chakula, mwongeze kidogo wakati wa baridi. Ugali uliochanganywa na dagaa unamfaa. Usimpe mabaki yenye vitunguu vingi, kwa kuwa vitunguu humharibia damu. Wala usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha na kuchoma koo au utumbo. Kabla ya safari mpe kidogo tu pamoja na maji, na akirudi mpe mlo wake kamili. Na kama safari yenyewe si ya lazima, ngojeni jua litoke. Umande utakauka, na mbwa na mtoto wote watakwenda wakiona njia.

NYAYO, MOTO NA KIU

Kuanzia Juni nyasi zetu huanza kuchomwa, na moto huo huendelea mpaka mvua zirudi. Mahali palipoungua huonekana pamepoa, kumbe kisiki au mzizi unaendelea kuwaka chini ya majivu kwa siku kadhaa. Mtoto wa kandambili na mbwa asiye na viatu wote huungua hapo. Wafundishe watoto kupita katika njia iliyokanyagwa, na wamwite mbwa awe karibu nao wanapopita palipoungua. Akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20 hivi. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Mashamba yaliyokwisha vunwa nayo yana hatari. Mabua ya mahindi na mtama yaliyokatwa huacha ncha kali kama kisu. Kila jioni mkague mbwa nyayo zake, kati ya vidole hasa, ukitafuta miiba, vidonda na kupe. Osha vidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kazi hii isifanywe na mtoto mdogo peke yake, kwani mbwa mwenye maumivu huweza kumng'ata hata anayempenda.

Baridi ya asubuhi isitudanganye. Ikifika saa 6 mchana ardhi huwa ya moto, hasa Septemba na Oktoba. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya udongo na uhesabu polepole hadi saba. Kama huwezi kuvumilia, basi na nyayo za mbwa haziwezi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Akihema kupita kiasi na kuanza kuyumba, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini na mpeni anywe kidogo kidogo. Watoto wanaokwenda mbali wabebe chupa moja ya maji zaidi kwa ajili yake.

Jambo jingine ni mkanda wa shingoni. Usimfunge mbwa kwa waya. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli au cha mkanda wa zamani, na uhakikishe vidole vyako viwili vinapita kati ya mkanda na shingo. Mbwa anayekua alegezewe mkanda mara kwa mara. Na akirudi kutoka porini akiwa na waya wa mtego shingoni au mguuni, usiuvute. Mtu mmoja amshike kwa upole, mwingine akate waya kwa koleo, kisha kidonda kioshwe na aonwe na afisa mifugo.

MBUNG'O, AU NDOROBO

Hakuna mwenyeji wa Katavi asiyemjua mbung'o, ambaye wengi huku magharibi humwita ndorobo. Huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi nyeusi na buluu. Ng'ombe akipata nagana twaiona hasara mara moja. Tusichokijua wengi ni kwamba mbwa naye hupata ugonjwa huo, na asipotibiwa aghalabu hufa.

Dalili zake ni hizi: homa, kukonda ingawa anakula, ufizi kupauka kwa upungufu wa damu, na kuvimba uso au miguu. Dalili inayoshangaza watu ni jicho kuingia ukungu wa samawati au weupe. Mara nyingi tumesema, "Huyu amepigwa jicho na tawi," kumbe ni ugonjwa wa mbung'o. Ukiona jicho la ukungu kwa mbwa anayekwenda porini, mwite afisa mifugo upesi. Dawa ipo, lakini usiazime ile ya ng'ombe na kumpiga sindano kwa kukadiria. Kipimo cha mbwa ni kidogo, na ikizidi huweza kumdhuru ubongo.

Mbwa mgonjwa ni onyo kwa nyumba nzima, kwani mbung'o huambukiza watu malale. Vimelea vya malale huweza kuishi pia ndani ya wanyama, mbwa akiwamo. Mtu wa nyumbani akipata homa isiyoisha baada ya kuumwa na mbung'o, aende hospitali na aeleze kwamba anakwenda porini.

Na jambo hili nalisisitiza: usimpake mbwa dawa ya kunyunyizia tumbaku au pamba, wala oili chafu ya gari, ati kuua kupe. Dawa hizo hupenya katika ngozi, naye hujilamba, akaimeza sumu. Kisha mtoto anamkumbatia.

WANYAMA WA PORINI

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na vijiji vingi ni jirani zake. Hapo Sitalike, wakati wa kiangazi, viboko husongamana katika maji machache yanayobaki Mto Katuma. Kisima cha namna hiyo si mahali pa kumpeleka mbwa kunywa, wala mtoto kuchota. Mamba naye yumo.

Tembo akitoka nje ya hifadhi, mbwa huweza kuleta balaa bila kukusudia. Hubweka na kumchokoza, tembo akikasirika na kumfukuza, mbwa hukimbilia kwa bwana wake, na hivyo humletea mtoto tembo miguuni. Kwa hiyo wafundishe watoto kumfunga mbwa kamba wanapopita penye kinyesi kibichi cha tembo au miti iliyovunjwa karibuni. Vema zaidi ni kurudi nyumbani. Usiku mbwa alale karibu na nyumba, maana chui humpenda sana mbwa, na fisi hamwachi.

Nasi tusimruhusu kuingia hifadhini. Mbwa wetu huweza kuwapelekea wanyama magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Distempa huua mbwa pia, na ina chanjo yake.

SIKU JASIRI ALIPOBADILIKA

Sasa nirudi kwa Jasiri. Mwezi wa Mei mwaka ule, watoto wakiwa kwenye kuni, alipigana na mbwa mgeni aliyetokea porini peke yake. Alirudi na sikio limechanika. Nikasema, "Ni mambo ya mbwa," nikaendelea na kazi. Wiki kadhaa kabla ya hapo lilikuwa limesomwa tangazo kanisani, baada ya ibada, kwamba mbwa wapelekwe kuchanjwa siku ya Jumatano. Nilikuwa kwenye mavuno. Nikasema nitampeleka mwakani.

Mwezi wa Julai Jasiri alibadilika. Hakuwa mkali hata kidogo. Alijificha chini ya ghala la mahindi, akikwepa mwanga. Sauti ya kubweka ilikauka. Taya la chini likaning'inia, mate yakawa yanamtiririka, na chakula akawa hawezi kukimeza. Mimi nilijua amekwamwa na mfupa. Mwanangu, aliyekuwa na miaka tisa na aliyempenda kuliko sote, akamwonea huruma, akampanulia mdomo na kuingiza mkono kuutafuta mfupa. Jino likamkwaruza kidole. Tone moja la damu tu.

Jirani yetu, mama mzee, alikuwa anapita. Alipomwona mbwa alipaza sauti: "Mwanangu, mwondoe mtoto hapo! Huyo si mfupa, huyo ana kichaa!" Nikabisha, "Bibi, mbona hang'ati mtu?" Akanijibu, "Aliyemwua mdogo wangu naye hakuwa mkali."

Mama yule alimshika mwanangu mkono mwenyewe, akaosha kidole kwa sabuni ya mche na maji mengi, tena na tena, hata mtoto akalia. Mchana huo tukapanda bodaboda. Mahali pa kwanza tulipofika hapakuwa na chanjo, tukaendelea mbele. Gunia la mahindi niliyokusudia kuyauza bei ikipanda niliyauza siku hiyo kwa bei ya hasara, kwa ajili ya nauli na gharama za siku zilizofuata. Jasiri alikufa siku ya pili. Mwanangu alimaliza sindano zake zote, naye leo yu mzima. Namshukuru Mungu, na namshukuru bibi yule. Lakini mpaka leo nikisikia tangazo la chanjo ya mbwa, moyo hunigonga.

KICHAA CHA MBWA SI LAZIMA KIWE CHA UKALI

Wengi wetu tumezoea kuwaza mbwa mwenye kichaa kuwa ni yule anayekimbia ovyo akiuma kila kitu. Huyo yupo. Lakini yuko pia wa kimya, mwenye taya lililolegea na miguu inayopooza. Ndiye anayewadanganya watu watie mkono mdomoni mwake. Basi tukumbuke kwamba badiliko lolote la ghafula ni onyo: mbwa mpole kuwa mkali, mkali kuwa mpole kupita kiasi, sauti kubadilika, mate kumtoka, kushindwa kumeza.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate na hupita katika kidonda, hata mkwaruzo mdogo. Kwa mtu dalili huanza mara nyingi baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Duniani hukadiriwa kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika kabisa, kwa mbwa kuchanjwa na kwa mtu kutibiwa mapema.

Mtu wa kwanza kupewa chanjo ya Louis Pasteur na kuokoka anajulikana sana. Alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa huko Alsace. Mama yake alimchukua safari ndefu mpaka Paris, na tarehe 6 Julai 1885 akaanza kuchomwa sindano. Mtoto yule alipona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na kwa kumbukumbu hiyo kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mahali pengi siku hizo ndipo chanjo ya mbwa hutolewa. Sikiliza matangazo, au muulize afisa mifugo wa kata yako.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka kama afisa atakavyopanga. Tunza kadi yake pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kijijini. Kwa hiyo usimpeleke wako peke yake. Mwambie jirani, na waambieni vijana wawaongoze mbwa kwa kamba, kila mmoja wake, wasije wakapigana kwenye foleni.

MTOTO AKING'ATWA

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usiharakishe.

2. Usipake pilipili, jivu, majani, mafuta wala maji ya betri. Usikikaze kidonda kwa kitambaa.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kama hapo hakuna chanjo, uliza iliko na uendelee na safari.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Mtoto akionekana mzima, hiyo si sababu ya kuacha.

5. Mpe afisa mifugo habari. Kama mbwa anaonekana mzima, afungwe na aangaliwe kwa siku 10. Kama ni mgonjwa, asiguswe na mtu.

6. Usimpige mtoto aliyesema kuwa ameng'atwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha, na jeraha lililofichwa ndilo linaloua.

MSAFIRI WA TATU

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma juu ya kijana Tobia aliyetumwa na baba yake safari ya mbali. Alikwenda na mwenzi wa njiani, na kumbe alikuwa malaika Rafaeli. Lakini yumo na msafiri wa tatu, ambaye wasomaji wengi humpita: mbwa wa nyumbani, aliyewafuata. Mama wa Tobia alilia mwanawe alipoondoka, kama tunavyohofu sisi watoto wetu wanapoingia porini asubuhi.

Siku hizi tuna mbwa mwingine. Watoto wamempa jina la Tumaini. Ana kibanda kinachotazama magharibi, ana mkanda wa tyubu, na kadi yake ya chanjo iko sandukuni pamoja na za wanangu. Asubuhi watoto wanapojifunga kanga zao, humtazama kwanza macho na nyayo zake, ndipo hutoka pamoja. Nami nabaki mlangoni nikiwaangalia mpaka wanapotelea kwenye miti.